Mama ana presha, mdogo wangu kajifungua juzi: nani apimwe moyo kwanza?

BARUA

Ndugu waandishi wa safu ya afya, salaam kutoka Ujiji.

Nyumbani kwetu tupo watu saba, na wanawake ni wanne. Mama yangu ana miaka 64. Presha anayo tangu 2015. Dawa anameza kichwa kikimuuma, kikipoa anaziweka. Tangu mwezi uliopita analalamika kwamba anabanwa hapa kwenye chembe ya moyo. Akitoka sokoni kupanda nyumbani husimama njiani mara mbili. Duka la dawa wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Magoti yakimsumbua anameza diklofenaki, na ugoro wake haachi. Mdogo wake, yaani mama yetu mdogo, alianguka jikoni akafariki akiwa na miaka 58, tukaambiwa ni moyo.

Mimi nina miaka 44 na watoto wanne. Mimba ya tatu nilikutwa na sukari, nilipojifungua ikaisha. Tangu mwaka jana hedhi zangu hazieleweki, usiku napatwa na joto la ghafla na moyo unadunda mpaka naamka. Zahanati walinipima presha wakakuta 148/94, wiki iliyofuata 132/84, nikaambiwa ni mawazo tu. Nataka nianze vidonge vya majira ili hedhi ikae sawa na nisije nikabeba mimba ukubwani. Kazi yangu ni kuuza mawese, na nyumbani tunapikia hayo hayo, kama lita tatu kwa wiki.

Mdogo wangu ana miaka 27. Alijifungua huko Kasulu wiki sita zilizopita. Presha ilipanda hadi 170/110, wakasema kifafa cha mimba kinanyemelea, wakamwanzishia uchungu mapema. Sasa yuko kwetu tunamlea uzazi. Dawa alizopewa zimekwisha. Yeye hana shida kubwa, ila anakohoa usiku, analala ameegemea ukuta, na miguu bado imevimba. Wazee wanasema ni baridi ya uzazi, itapita.

Binti yangu ana miaka 16, mzima, ila mafindofindo hayamwishi, na juzi nimekuta mkorogo wa kujichubua ngozi kwenye begi lake.

Nilizoea kusikia kuwa moyo ni ugonjwa wa wanaume wenye vitambi, lakini mama mdogo hakuwa na kitambi. Pesa ya kuwapima wote kwa mpigo sina. Nimepanga nianze na mama kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha mimi, wadogo wasubiri. Nimepanga sawa? Na je, ninunue mashine ya presha ya nyumbani?

Dada Mkubwa, Ujiji

JIBU

Dada Mkubwa, pole kwa majukumu. Mpango wako ugeuze. Anayetangulia ni mdogo wako, na si wiki ijayo. Ukimaliza kusoma aya mbili zinazofuata, mpeleke hospitali leo. Ipite zahanati, nenda moja kwa moja Maweni au hospitali yoyote yenye daktari, eksirei na kipimo cha umeme wa moyo. Safarini akae wima. Msimlaze chali garini, na kama mna namna ya kuepuka bodaboda, iepukeni.

Sababu ni hii. Mwanamke aliyejifungua karibuni, ambaye presha ilimpanda mimba ikiwa bado tumboni, halafu akawa hawezi kulala bila kuegemea, anakohoa zaidi usiku na miguu imevimba, tunamhesabu ana moyo ulioshindwa kazi mpaka vipimo vikatae. Upo ugonjwa wa msuli wa moyo unaowapata wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Moyo unatanuka, unakosa nguvu ya kusukuma, na maji yanarudi mapafuni. Akilala chali maji hayo yanasambaa, anakohoa, anaamka kutafuta hewa. Akiegemea ukuta anapata nafuu. Ndiyo maana "anapenda" kuegemea. Ugonjwa huu huwapata zaidi waliowahi kupata presha ya mimba, waliobeba mapacha na waliozaa mara nyingi. Unajificha vizuri mno, kwa sababu kila mzazi anachoka, kila mzazi anakosa usingizi, na miguu kuvimba watu wamekwisha kuizoea.

Mkifika mapokezi msianze na kikohozi, mtapangwa foleni ya mafua. Semeni: amejifungua wiki sita zilizopita, alikuwa na presha ya mimba 170/110, dawa zimekwisha, na sasa hawezi kulala chali. Chukueni kadi ya kliniki, karatasi za Kasulu na pakiti za dawa hata kama ni tupu. Watampima presha, mapigo, hewa kwa kifaa cha kidoleni, damu, protini kwenye mkojo, eksirei ya kifua na umeme wa moyo. Kipimo kinachomaliza ubishi ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Isipopatikana siku hiyo, dawa za kupunguza maji na kushusha presha huwa haziisubiri. Eko itafuata kwa rufaa, iwe Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kama mguu mmoja umevimba kuliko mwingine na unauma, au amekohoa damu, litajeni hilo kwanza kabisa, maana laweza kuwa bonge la damu.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza, ndugu wanamwachisha mtoto ziwa kwa hofu ya dawa. Msimwachishe kwa uamuzi wenu. Daktari aelezwe kuwa ananyonyesha, zipo dawa za moyo na presha zinazokubaliana na kunyonyesha. La pili, anapona, maana wengi hupata nafuu kubwa katika miezi sita ya kwanza wakitibiwa, halafu anabeba mimba nyingine kabla moyo haujapimwa tena. Hilo linaua. Atoke hospitali akiwa na njia ya uzazi wa mpango mkononi. Kijiti au kitanzi vinamfaa, vidonge vyenye estrojeni havimfai.

Na hata eko ikionyesha moyo mzima, faili lake halifungwi. Presha ya mimba ya kiwango kile huongeza karibu maradufu uwezekano wa mwanamke kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele, hata kama presha ilirudi chini baada ya kujifungua. Wengi hawaambiwi hivyo. Wanaambiwa "umepona", wanarudi miaka 15 baadaye na moyo uliochoka. Kwake sheria ni moja: presha ipimwe kila mwaka maisha yake yote, na kama wiki 12 baada ya kujifungua bado iko 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kudumu. Akibeba mimba nyingine, aende kliniki mapema sana, ikiwezekana kabla ya wiki ya 12, aseme historia yake, kwa sababu aspirini ya dozi ndogo inayopunguza hatari ya kifafa cha mimba inafanya kazi vizuri ikianzwa mapema. Aanzishiwe na daktari, asijipe mwenyewe.

Sasa kuhusu hoja ya vitambi vya wanaume. Ina ukweli nusu. Wanawake kwa kawaida huchelewa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kama miaka kumi nyuma ya wanaume, kwa sababu kabla ya hedhi kukoma estrojeni inasaidia mishipa ya damu. Lakini moyo unaharibika kwa njia nyingi, na huku kwetu Afrika presha ndiyo inayoongoza kwa kuuchosha. Zaidi ya hapo, mwanamke ana milango ambayo mwanamume hana: mimba, kujifungua, homoni za uzazi wa mpango, na hedhi kukoma. Kwa hiyo usipange foleni kwa kutazama nani ana mvi. Tazama kila mmoja amepita mlango gani.

Tuje kwako. Tukiri kwamba barua yako imekutaja wewe kwa maneno machache kuliko unavyostahili. Una mambo matano: sukari ya mimba, presha iliyoonekana juu mara moja, hedhi zinazoelekea kukoma, moyo kudunda usiku, na vidonge unavyotaka kuanza.

Vidonge viache. Vidonge vya kawaida vya majira vina estrojeni, na estrojeni ya kumeza inapandisha presha na kuongeza hatari ya damu kuganda. Mwenye presha kuanzia 140/90 havimfai, wala anayevuta sigara akiwa amepita miaka 35, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Muuza duka hawezi kuyajua hayo kwa kukutazama usoni. Bado unahitaji kinga ya mimba, maana hedhi kuvurugika si sawa na kukoma: ukiwa chini ya miaka 50 subiri miaka miwili mizima bila hedhi kabla ya kuacha kinga, ukiwa juu ya 50 mwaka mmoja. Kijiti kinakufaa, na kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, ila kinaweza kuongeza damu ya hedhi. Kwa hiyo kama damu zako ni nyingi, zinatoka katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, uchunguzwe kizazi kwanza, njia ichaguliwe baadaye.

Joto la ghafla na moyo kudunda huenda ni dalili za hedhi kuelekea kukoma. Huenda. Moyo unaodunda hupimwa damu kwanza, kwa sababu mwanamke mwenye hedhi nyingi akiishiwa damu moyo hukimbia ili kufidia, kisha hupimwa tezi ya shingo na umeme wa moyo. Ukidunda ukafuatana na kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au mapigo yakawa hayana mpangilio hata kidogo, usisubiri zamu ya mtu.

Sukari ya mimba "iliyoisha" huenda haikuisha, ilijificha tu. Aliyeipata ana uwezekano mkubwa wa kupata kisukari cha kudumu, na kisukari kinamharibia mwanamke moyo kuliko kinavyomharibia mwanamume: ile faida yake ya kuchelewa miaka kumi inakaribia kufutika. Pima sukari asubuhi kabla ya kula, ukiwa umekaa muda wa saa nane bila kitu isipokuwa maji. Chini ya 6.1 (milimoli kwa lita) ni sawa, rudia kila mwaka. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njia panda, na hapo kupunguza uzito na kutembea vinafanya kazi kweli kweli. Ikifika 7.0 au zaidi mara mbili kwa siku tofauti, hicho ni kisukari. Pima na kiuno: futi ya fundi cherehani ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, wala si juu ya kitenge, ukiwa umetoa pumzi. Kwa mwanamke sentimita 80 ni onyo, 88 ni hatari. Hedhi inapokoma mafuta huhamia tumboni na lehemu mbaya (kolesteroli) hupanda hata kama chakula hakijabadilika, ndiyo maana umri wako ndio wa kupima lehemu mara ya kwanza kama hujawahi. Na mwanamke ambaye hedhi ilikoma kabla ya miaka 40, au aliyetolewa ovari zote mbili mapema, aanze kujihesabu hatarini hapo hapo, asingoje uzee.

Ile 148/94 na 132/84 hazitoshi kukuita mgonjwa, na hazitoshi pia kukuambia ni mawazo. Tutaeleza namna ya kupata jibu mwishoni, tukifika kwenye mashine.

Mama yako ni wa pili kwenye foleni, ndani ya wiki hii. Vidonda vya tumbo vinafuata chakula: vinauma njaa ikikaza, au baada ya kula, au usiku wa manane. Havijui kilima. Maumivu ya kubana yanayokuja akipanda na kutulia dakika chache baada ya kusimama ni mshipa wa moyo unaolalamika kwamba damu haitoshi, mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Wanawake wengi hubanwa kifuani kama wanaume, lakini mara nyingi zaidi huongezea au hutanguliza vingine: kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya taya, mgongo au chembe ya moyo, na uchovu usio wa kawaida ambao mtu hawezi kuueleza. Hapo ndipo dawa za tumbo zinapoanza kugawiwa. Apimwe umeme wa moyo, sukari, figo na lehemu. Mjue pia kwamba kipimo cha umeme kikichukuliwa amelala ametulia kinaweza kutoka safi na moyo ukawa bado una tatizo. Kwa hiyo amweleze daktari habari ya kilima kwa maneno yake, na nyinyi msikubali kufukuzwa na karatasi moja. Kifo cha mama mdogo kitajwe. Ndugu wa damu wa karibu, yaani mzazi, kaka au dada, akipata ugonjwa wa moyo mapema (mwanamke kabla ya miaka 65, mwanamume kabla ya 55), hatari ya aliyebaki inaongezeka. Kwa mama yako hilo linahesabika moja kwa moja. Kwako wewe lina uzito mdogo zaidi, ila mama akithibitika na ugonjwa, utaanza kuhesabika na wewe, kwa kuwa ameupata kabla ya 65.

Kuhusu dawa: presha haiumi. Kichwa kinaweza kuuma presha ikiwa chini na kisiume ikiwa 190. Amlodipini na dawa nyingi za presha zimepangwa zifanye kazi saa 24, kidonge kimoja leo kwa ajili ya leo. Anayemeza kwa kufuata kichwa anaipandisha na kuishusha presha yake mara kadhaa kwa wiki. Akikuta namba nzuri na kuacha, ameacha kile kilicholeta namba nzuri. Na siku akikuta iko juu asirundike vidonge vitatu kwa pamoja, presha ikidondoka ghafla inaweza kumpa kiharusi. Muulizeni kwa upole kwa nini hazimezi kila siku. Mara nyingi jibu ni la kueleweka: amlodipini inavimbisha vifundo vya miguu, hasa kwa wanawake, na dawa za kukojoza zikimezwa jioni zinamwamsha usiku kucha. La kwanza daktari hubadili dawa au dozi, la pili humezwa asubuhi. Amefanyiwa uamuzi, hakushirikishwa, akajitengenezea ratiba yake; ni jambo la kawaida sana kwa mama zetu.

Diklofenaki aiweke kando. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinashikilia chumvi na maji mwilini, zinapandisha presha, zinapunguza nguvu ya dawa za presha, zinaumiza figo na kuongeza hatari ya shambulio la moyo. Kwa magoti ajaribu parasetamoli na mazoezi mepesi ya kunyoosha mguu akiwa amekaa kitini. Ugoro nao una nikotini, unaharakisha mapigo na kubana mishipa. Tunajua hautaachwa kwa kuamriwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Aambiwe na daktari, ninyi mchunge tu asinuse ndani ya nusu saa kabla ya kupimwa presha.

Shambulio lenyewe likija, yaani kubanwa kusikotulia baada ya dakika 15 za kupumzika, au jasho la baridi na kukosa pumzi, akae chini, atafune aspirini ya miligramu 300 kama hana mzio nayo wala hatapiki au kunya damu, na safari ianze wakati huo huo. Asitembezwe kwenda barabarani. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi na aspirini asipewe. Akimbizwe, na mkumbuke saa dalili zilipoanza, mtaulizwa.

Mawese sasa. Hatutakuambia uyaache, kwanza ndiyo biashara yako, pili sombe (kisamvu) bila mawese mtu wa Kigoma haimpiti kooni. Tutakupa hesabu. Lita 3 kwa watu 7 kwa siku 7 ni karibu mililita 60 kwa kila mtu kwa siku, sawa na vijiko 4 vya chakula. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda, yale yanayolifanya ini liache lehemu mbaya kwenye damu. Kwa hiyo kila mmoja wenu anapata kama gramu 27 kwa mawese peke yake, wakati mtu mzima anayekula kawaida hashauriwi kupita gramu 22 kwa vyakula vyote pamoja. Shukeni hadi lita moja ya mawese kwa wiki kwa nyumba nzima, na kikihitajika kingine ongezeni nusu lita ya alizeti, ambayo mafuta yake yanayoganda ni kama moja ya kumi tu. Wapo wanaoyachoma mawese mpaka yawe meupe wakidhani wameyasafisha. Wameunguza rangi nyekundu, ambayo ndiyo chanzo cha vitamini A, na mafuta yanayoganda yamebaki vile vile.

Chumvi ina hesabu rahisi zaidi. Gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikijumlisha iliyojificha ndani ya mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti. Kwa watu saba ni gramu 245 kwa wiki. Pakiti ya nusu kilo ikiisha kabla ya wiki mbili, mnazidisha. Magadi yanayolainisha maharage na sombe yana sodiamu ile ile, hivyo ukitia magadi usitie chumvi kama kawaida. Afadhali uloweke maharage usiku kucha na kumwaga maji. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana tatizo. Waliotiwa chumvi loweka kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, mwaga, osha tena. Mdogo wako, mpaka daktari aseme vinginevyo, asipewe supu za chumvi za kumrudishia nguvu. Chumvi inaongeza maji yale yale yaliyomjaa.

Moshi wa kuni nao umo kwenye orodha ya vinavyoharibu mishipa, na anayeuvuta ni anayepika. Kama jiko haliwezi kubadilika, lihamie penye hewa.

Binti yako anasubiri, ila si sana. Mafindofindo yenye homa, tezi za shingo zilizovimba na koo jekundu bila mafua wala kikohozi yanaweza kuwa ya bakteria wanaosababisha homa ya baridi yabisi, wiki mbili hadi nne baadaye, na homa hiyo hutafuna milango ya moyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, lakini madhara yake hujitokeza wakishakuwa wasichana wakubwa, hasa wanapobeba mimba, kwa sababu damu mwilini huongezeka karibu nusu na mlango uliosinyaa haupitishi. Koo kama hilo litibiwe kwa sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, au vidonge kwa siku 10 kamili. Kosa la kila siku ni kuacha siku ya tatu koo likipoa. Muulize kama amewahi kuvimba goti, likapoa, likahamia kifundo au kiwiko, au kama anaishiwa pumzi wenzake wakikimbia. Akisema ndiyo, naye asogee mbele kwenye foleni, asikilizwe moyo na apimwe eko.

Mkorogo mara nyingi una steroidi kali, na mwingine una zebaki. Steroidi ikipakwa mwili mzima kwa miezi inaingia kwenye damu, inapandisha presha na sukari na kunenepesha uso na tumbo; zebaki inaumiza figo. Usiutupe kwa ugomvi wa siku moja kama ameutumia muda mrefu, mwili unaweza kuyumba. Mpeleke aonwe, apunguze kwa utaratibu.

Mashine nunua, lakini baada ya mdogo wako na mama kuonwa. Pesa hiyo kwanza ni ya nauli na vipimo. Chukua ya kufunga kwenye mkono wa juu, ya kifundo cha mkono inakosea kwa urahisi. Pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko kabla ya kwenda dukani: mikanda mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 hadi 32, na mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo hutoa namba kubwa ya uongo. Siku ya kwanza ipeleke zahanati, pimeni kwa ya kwao na yako kwa kupishana, mlinganishe.

Kupima kwenyewe: nusu saa kabla, hakuna kahawa, ugoro wala kubeba ndoo. Nenda haja ndogo. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, nyayo zote chini, usikunje nne, mkono ukae mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi, na usiongee, hata kumjibu mteja wa mawese. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, kisha uendelee na ule wenye namba kubwa. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba, siku ya kwanza usiihesabu, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani 135/85 kwenda juu ni presha. Ukianzishiwa dawa, mwambie daktari kuwa bado unaweza kupata mimba, maana losatani, kaptoprili na enalaprili zinamdhuru mtoto tumboni. Na yeyote kati yenu akikutwa na 180/120 huku kifua kinauma, pumzi fupi, macho yana ukungu au amechanganyikiwa, usirudie kupima, nendeni. Kwa mwenye mimba au aliyejifungua karibuni usingoje namba hiyo: 160/110 inatosha.